Mkono Mmoja Mombasa: Jinsi ya Kuishi Baada ya Kupasuliwa Bega

Tangu nipasuliwe bega la kulia nimegeuka ofisi ya maswali. Mtu akishaambiwa na daktari kwamba kano za bega, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, zimechanika na lazima zishonwe, ndugu zake wanampa namba yangu, na maswali huwa yale yale. Unalalaje? Dera linavaliwaje? Na chooni je, shoga? Hakuna aliyewahi kuniuliza upasuaji wenyewe unafanywaje, na wala si kosa: hiyo ni kazi ya daktari, wewe utakuwa umelala fofofo. Kazi yako inaanza ukirudi nyumbani na mkono uliofungwa kifuani. Nimeyaandika yote hapa ili mwingine akiuliza nimtumie, nami niendelee na chai yangu.

Haya ni ya aliyeshonwa kano za bega. Aliyevunjika mtulinga au aliyetegukwa na bega pia atapata la kumfaa kwenye kulala, kuvaa na kuoga, ila ratiba yake ya mazoezi ni nyingine. Na popote ambapo daktari wako amekwambia tofauti na mimi, mfuate yeye.

Nadharia ni hii tu, kisha basi. Siku unayotoka hospitali, kano yako bado haijashikana na mfupa. Imefungwa kwa uzi. Mfupa unahitaji majuma kadhaa kuikamata. Kwa kawaida slingi, ile kombeo ya kitambaa inayoubeba mkono kifuani, huvaliwa wiki 4 hadi 6, mazoezi ya nguvu huanza karibu na wiki ya 12, na kupona kwa kweli huchukua miezi 6, pengine mwaka. Katika muda huo usiyaogope sana maumivu, kwa sababu maumivu hukuonya. Kinachoharibu mabega hapa kwetu ni adabu na mazoea: kumpa mtu mkono, kumpokea mgeni kikapu, kudaka kikombe kinachoponyoka, kumnyanyua mtoto anayelia. Mwili unafanya kabla akili haijaitwa.

Andaa haya kabla ya siku yenyewe

- Slingi mbili. Joto la Mombasa litailowesha ya kwanza kwa jasho siku hiyo hiyo, na wakati wa mvua za Mei iliyofuliwa haikauki upesi.
- Mito minne au mitano. Azima kwa jirani kama huna.
- Kiti cha uvivu, kile cha mbao cha kulalia nusu. Kama babu yako alikuacha nacho, kimefika wakati wake.
- Madera mapana, mashati ya vifungo mbele, suruali za lastiki. Suruali ya mkanda na zipu ni mtihani usiouhitaji usiku wa manane.
- Leso mbili tatu kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini. Utaona kazi yake kwenye kwapa.
- Kigoda cha plastiki cha kuogea, na ndara zisizoteleza.
- Kitu cha baridi. Mbaazi zilizolowekwa, ukazitia kwenye soksi safi na kuzigandisha kwenye friza, hulala vizuri juu ya bega kuliko chupa ya maji. Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba mbaazi zile si za mahamri.
- Nywele. Dada zangu, nendeni mkasukwe mistari siku mbili kabla. Kuchana nywele kwa mkono mmoja kunawezekana, kuzifunga hakuwezekani. Wanaume, nyoeni.
- Mtu mmoja wa kukaa nawe angalau wiki ya kwanza. Si watu sita. Sita watabishana juu ya mto uende wapi.

Pia zoea kutumia mkono utakaobaki kabla hujalazimika. Piga mswaki nao, fungua mlango nao, andika ujumbe nao.

Hatua kwa hatua

1. Siku ya kwanza: usidanganywe na ganzi

Wengi hupigwa sindano ya ganzi shingoni juu ya ile nusukaputi, na mkono ule wote unakufa ganzi kwa saa 12 hadi 24, wakati mwingine zaidi. Utarudi nyumbani huna maumivu hata chembe. Utakaa barazani ukiwaambia watu kwamba upasuaji ni jambo dogo. Ganzi hiyo hupenda kuondoka usiku, na ikiondoka haipigi hodi.

Kwa hiyo meza dawa ulizoandikiwa kwa saa zake kuanzia jioni, hata kama huhisi kitu. Dawa ya maumivu ikitangulia hufanya kazi nzuri kuliko ikija kufukuza maumivu yaliyokwisha kuingia. Weka saa ya kukuamsha usiku wa kwanza.

Mkono ukiwa bado umekufa, uhesabu kuwa ni amana ya mtu mwingine. Usiukaribishe jikoni, usiulalie, usiuache ukining'inia nje ya slingi. Sauti ikikwaruza kidogo, au kope la upande ule likalegea, usishtuke. Ni ile ganzi ya shingoni, na hutoka pamoja nayo. Ukikosa pumzi, hilo si la kusubiri: piga simu hospitali.

*Tahadhari:* paracetamol ya mtu mzima haizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Ukiongeza za mafua juu ya za bega, umezidisha bila kujua. Na usinunue dawa nyingine ya maumivu duka la dawa bila kumwonyesha mfamasia zile ulizonazo, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo.

2. Kulala

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na jibu lake hawalipendi: hutalala chali bapa kwa muda, wala kwa ubavu. Utalala nusu umekaa.

Kama una kiti cha uvivu, kiweke chini ya pangaboi na umemaliza nusu ya kazi. Kama ni kitandani, panga mito mitatu mgongoni kwa ngazi, mmoja chini ya magoti ili usiteleze, na mmoja mdogo, au leso iliyokunjwa nene, nyuma ya kiwiko cha mkono mgonjwa. Huu wa mwisho ndio watu wanausahau, na ndio wenye dawa. Bega huuma usiku kwa sababu kiwiko kinaanguka nyuma na kuivuta ile kano. Kanuni ni nyepesi: ukiangalia chini, uone kiwiko chako. Usipokiona, kiko nyuma mno, ongeza mto.

Slingi unalala nayo. Ndiyo, na joto hili hili.

Chandarua mwachie mwenzako achomeke. Ukijaribu mwenyewe kutoka ndani kwa mkono mmoja utabaki na mbu wote upande wako, na mbu anajua kwamba mkono mmoja haupigi.

3. Kuvaa

Amri moja, ishike mpaka uipate usingizini: mkono mgonjwa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho.

Dera: kaa kitini. Lilaze mapajani, likusanye mpaka uone tundu la mkono. Inama mbele kidogo, acha mkono mgonjwa uning'inie wenyewe, upandishe mkono wa nguo juu yake mpaka begani. Kisha kichwa. Kisha mkono mzima. Vaa slingi juu ya nguo, isiguse ngozi. Kanzu ni vivyo hivyo, mradi shingo yake iwe pana. Ile ya kola ya kubana iache mpaka Idi ijayo. Buibui la kufunguka mbele lina raha kuliko la kuvalia kichwani, na mtandio uwe ule ulioshonwa tayari, usiotaka pini. Mume wangu alijitolea kunifunga mtandio wa kawaida. Nilitoka nyumbani nimefungwa vizuri sana, ila sioni kushoto.

Kikoi kina siri yake, nayo ni ukuta na lastiki ya chupi. Tandaza kikoi nyuma yako, kibane ukutani kwa makalio. Lete pembe ya kwanza mbele uichomeke kwenye lastiki. Vuta ya pili kwa nguvu ipite juu ya ile, kisha kunja ukingo wa juu kwa nje mara mbili mpaka ukaze. Ndipo uuache ukuta. Leso nayo hushika kwa njia hiyo hiyo. Ukiona bado huiamini, pini kubwa moja ya usalama haijamvunjia mtu heshima.

Sidiria iache kabatini, au vaa ya kufunga mbele. Makubadhi yawe ya kutumbukiza mguu tu.

4. Kuoga, na ile habari ya kwapa

Muulize daktari siku gani kidonda kinaruhusiwa maji. Mpaka hapo, oga kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu pangusa kwa kitambaa kibichi. Kama maji yenu ni ya kisima, yale ya chumvi, tenga kopo la maji matamu kwa ajili ya upande wa bega; chumvi ikikauka juu ya ngozi iliyobanwa na slingi huwasha.

Kaa kwenye kigoda. Sakafu ya bafu iliyolowa ni hatari kuliko kitu kingine chochote nyumbani mwako, kwa sababu ukiteleza utaunyosha mkono ujishike, na huo mkono utakuwa ule ule.

Sasa kwapa. Likifungwa kutwa kucha katika joto la Kaskazi, siku ya tatu litaanza kujitangaza. Usiuinue mkono! Vua slingi, simama, shika meza kwa mkono mzima, inama mbele taratibu. Mkono mgonjwa utaning'inia kama kamba ya ndoo kisimani, na kwapa litafunguka lenyewe. Pangusa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, suuza, kausha kabisa kabisa, kisha chomeka kipande cha leso laini katikati ya mkono na ubavu. Kibadilishe asubuhi, mchana na jioni. Poda na manukato yasikaribie kidonda.

Kwa wanaoswali: kilichofungwa bandeji hakioshwi, hupanguswa juu, na mgonjwa huruhusiwa kukaa kitini kwa yale asiyoyaweza katika swala. Ukiwa na shaka, mwulize ustadhi wako kabla hujajiinamisha kwenye sijda isiyokulazimu.

5. Chooni

Aliyepasuliwa bega la kulia atahangaika mezani. Aliyepasuliwa la kushoto atahangaika hapa. Kila mtu na fungu lake.

Kama la kushoto ndilo limefungwa, itabidi mkono wa kulia ufanye kazi ambayo hukuulea kuifanya. Hakuna njia nyingine, na haja haina lawama. Kinachosaidia ni mpira wa maji wenye nguvu, na upande uuhamishe mapema: uwe unaufikia bila kujipinda. Kama ni kopo, liwe jepesi lenye mkono, na liwekwe juu ya kigoda, lisikae sakafuni. Sabuni ya mikono iwe ya maji, ya kubonyeza.

Choo cha kuchutama kinataka mikono miwili kuinukia, kwa hiyo kama kuna cha kukalia kwa jirani, jenga ujirani. Au pata kile kiti chenye tundu kinachowekwa juu ya choo.

6. Kula na kupika

Mkono wa kulia umefungwa na sinia la pilau liko katikati. Wazee wanakutazama. Usianze kueleza historia ya kano. Omba sahani yako na kijiko, sema "Samahani, mkono mgonjwa," ule kwa kushoto. Hakuna mzee wa hapa atakayemlaumu mgonjwa. Atakayekutazama zaidi ni mtoto wa miaka mitano, naye atakuuliza kwa sauti mbele ya wote kwa nini wewe unaruhusiwa.

Wiki za mwanzo chagua chakula kisichohitaji mkono wa pili. Wali na mchuzi, sawa. Mahamri na mbaazi, sawa kabisa. Viazi vya karai mwambie muuzaji akukatie na akutilie ukwaju mwenyewe. Samaki wa kupaka mwenye miba, subiri. Machungwa utaletewa na kila mgeni, kwa wingi, na hutaweza kumenya hata moja. Mwambie aliyeleta amenye, mle pamoja.

Ukilazimika kupika: kitambaa kibichi chini ya bakuli huzuia lisizunguke. Mkebe ubane katikati ya mapaja ufungue kifuniko kwa mkono mzima. Kitunguu kikate nusu kwanza kikae bapa. Sufuria ya moto usiihamishe. Pakua ikiwa hapo hapo jikoni. Ugali haukoroleki bila mkono wa pili wa kushika sufuria, usijidanganye. Na nazi usiikune. Hata ukikalia mbuzi na kuushika ule mkono mgonjwa "kusaidia tu kidogo", kukuna ndiyo ile harakati yenyewe ya bega uliyokatazwa. Nunua tui la pakiti, vumilia maneno ya mama mkwe.

7. Wageni

Wageni watakuja baada ya alasiri, kwa upendo, na kila mmoja atataka kugusa. "Ni hapa?" atauliza, huku kidole kimeshafika.

Kaa pembeni, upande wa bega mgonjwa uwe ukutani. Funga kitambaa chekundu juu ya slingi. Nyeusi juu ya buibui jeusi haionekani. Salamu weka mkono mzima kifuani, usinyooshe chochote. Ijumaa baada ya swala, ambapo kila mtu anapeana mkono na kila mtu, toka mwisho.

Kisha atakuja bibi mwenye chupa ya mafuta. Huyu yuko katika kila ukoo. Anajua kuchua, amewachua watu wakapona, na anaona haya kwamba mjukuu wake kakatwa wakati yeye yupo. *Usikubali achue.* Kuchua na kuvuta bega katika majuma haya kunaweza kuichana kano iliyoshonwa, na mafuta juu ya kidonda kibichi hukaribisha usaha. Lakini usibishane naye pia. Mimi jibu langu lilikuwa: "Bibi, bega niombee dua. Mafuta nipake miguuni, miguu ndiyo imechoka." Akapaka miguu, akaridhika, nikalala vizuri.

Yule atakayekusimulia kwamba jamaa yake wa Kisauni alipasuliwa vile vile na mkono haukuinuka tena, mpe machungwa amenye.

8. Kutoka nje

Bodaboda hapana. Sielezi zaidi.

Tuktuk: kodi nzima, kaa katikati. Ukikaa pembeni utatupwa kwenye nguzo kila kwenye shimo, na ukibanwa na abiria wengine bega litasukumwa. Mwambie dereva kabla hajaondoka, maana akishashika barabara haambiliki. Slingi ina baraka moja ndogo: bei ya tuktuk hushuka bila wewe kusema neno.

Gari dogo: mkanda wa abiria wa mbele hupita juu ya bega la kushoto. Kwa hiyo bega la kulia likiwa ndilo limepasuliwa, kaa mbele. Likiwa la kushoto, kaa nyuma ya dereva, ambapo mkanda hupita kulia. Kuendesha mwenyewe ukiwa na slingi, usifikirie.

Matatu si mahali pako wiki za kwanza. Ukishindwa kuepuka, epuka saa za kazini na saa za kutoka, na mtangulie makanga kwa maneno, maana yeye husaidia kwa kuvuta: "Kijana, mkono mgonjwa, usinishike." Sema kwa sauti akiwa bado mbali. Kisha chukua kiti cha dirishani ambacho kinaliweka bega mgonjwa upande wa dirisha.

Feri ya Likoni inataka hesabu. Geti likifunguliwa, umati unateremka kwa kasi, na katikati yake kuna mikokoteni isiyo na breki. Acha wa mbele wote wapite. Shuka na wa mwisho, kando, bega mgonjwa likitazama ukingo. Upande wa pili fanya vivyo hivyo kutoka. Utachelewa feri moja. Ichelewe.

9. Mazoezi

Vidole, kifundo na kiwiko huanza mapema, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili. Finya ndimu mbichi kiganjani, achia, finya tena. Vua slingi ukiwa umekaa, nyoosha kiwiko na kukikunja taratibu, mara kadhaa kwa siku. Kama daktari alishona pia kano ya msuli wa mbele wa mkono, mwulize kwanza kuhusu kiwiko.

Ukiruhusiwa, zoezi la kuning'iniza: inama vile vile ulivyoinama kupangusa kwapa, acha mkono uning'inie, kisha uyumbishe *mwili*. Mkono ufuate wenyewe, mbele na nyuma, halafu miduara midogo. Ukiona msuli wa bega unakaza, unaubeba mkono; acha, pumua, anza upya.

Kutambaza vidole ukutani, kuvuta kamba juu ya mlango, na kuinua chupa ya maji, hayo yote yana wakati wake, na atakayeutaja ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hukosea wiki ya tano au ya sita. Maumivu yameisha, slingi inachosha, mtu anajaribu kuanika nguo "moja tu". Kutokuuma hakumaanishi kano imeshika.

Kosa la upande wa pili ni la waoga: kuacha mazoezi kabisa na kubaki na slingi mwezi wa tatu. Bega hugandamana. Wenye kisukari wana hatari zaidi ya hilo, kwa hiyo wasikose kliniki, na sukari waichunge, kwani huchelewesha kidonda pia. Sigara nayo huzuia kano kushika. Waulize wavutaji wenzako watakwambia si kweli.

Mambo yakienda kombo

*Stima imepotea na mbaazi zimeyeyuka.* Wauza samaki wana barafu. Itie kwenye chupa au mfuko wa mpira wa maji, funga kwa taulo, dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha. Isiguse ngozi, na ngozi yenye ganzi iangalie kila baada ya dakika chache. Barafu ile ina harufu. Ukikaa Mji wa Kale, paka watakuja kukujulia hali.

*Vidole vimevimba.* Mara nyingi slingi imelegea na kiganja kimeshuka chini ya kiwiko. Kaza mkanda ili kiganja kiinuke kidogo, finya ndimu. Vua pete, tena bora uzivue kabla ya upasuaji.

*Mkono umegeuka zambarau mpaka kiwikoni.* Damu ya ndani hushuka chini. Hupotea baada ya wiki mbili hivi.

*Shingo inauma kuliko bega.* Mkanda wa slingi unakata. Kunja leso uiweke chini yake, na usitembee umelipandisha bega kuelekea sikio.

*Choo kigumu.* Ni zile dawa kali za maumivu. Maji mengi, papai, kutembea mpaka mtaa wa pili na kurudi. Zikipita siku tatu, mwambie daktari.

*Nimejisahau nikaunyosha mkono ghafla.* Ukiuma kisha ukatulia, endelea na slingi na uwaambie kliniki. Ukisikia kitu kimepasuka, au nguvu zimepungua ghafla, nenda siku hiyo.

*Nini hakingojei kliniki?* Homa ya 38 au zaidi. Usaha, wekundu unaotambaa, au kidonda kinachonuka. Vidole baridi au vya bluu. Ganzi isiyoondoka baada ya siku mbili. Shavu la mguu lililovimba na kuuma, au kifua kubana. Na kuanguka, hata kama huhisi kitu. Nenda hospitali, usianze na duka la dawa.

*Lini nitakuna nazi?* Daktari akikwambia "sasa unaweza kufanya kazi nyepesi za nyumbani", yeye anafikiria kupangusa meza. Mtajie mbuzi kwa jina, mwonyeshe kwa mkono mzima jinsi unavyokunwa, umtazame uso. Wangu alicheka, kisha akaandika kwenye kadi: miezi sita.